Kuhesabu vichwa au kusoma daftari? Historia fupi ya orodha za mafaili mtandaoni

Najua nimepotea kidogo hapa kibarazani, lakini si kwa kupenda. Tesiti zilifuatana kama mabehewa ya treni. Leo sina stori za kantini wala za foleni ya boom. Leo nina historia, na imeanzia kwenye kosa langu mwenyewe, kwa hiyo msinicheke sana.

Wengi wenu mnajua kuwa mimi ndiye niliyejitwika kazi ya kutunza ukurasa wa madesa wa darasa letu. Mwanzoni orodha nilikuwa naiandika kwa mkono. Lekcha ikiisha napokea faili, nalipakia kwenye folda, halafu nafungua ukurasa na kuongeza mstari wenye jina la faili na kiungo chake. Siku moja nikapakia faili, nikasahau mstari. Faili lilikuwapo kwenye seva, zima kabisa, ila hakuna aliyeliona kwa sababu orodha haikulitaja. Lilikuwa desa la wiki ya 9, na swali la alama 15 kwenye tesiti likatoka humo humo. Rafiki yangu mmoja alikuwa anaumwa wiki ile, hakuingia lekcha, na alitegemea ukurasa wangu tu. Swali lile aliliacha tupu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mimi niliamini orodha yako." Heri angenitukana.

Basi nikaanza kuchimba: hivi watu walianzaje kuifanya kompyuta iandike orodha ya mafaili yenyewe, bila mtu kukumbuka? Nikakuta ni stori ya zaidi ya miaka 60. Na kila nilipofika, watu walikuwa wanabishania swali moja, ambalo sisi wa ualimu tunalijua vizuri. Mkuu wa shule akikuuliza, "Kidato cha pili leo wapo wangapi?", una njia mbili. Unaweza kwenda darasani ukahesabu vichwa. Au unaweza kufungua daftari la mahudhurio ukasoma. Vichwa havidanganyi, lakini kuhesabu kunachosha. Daftari linasomeka haraka, lakini ni la kweli pale tu aliyeliandika asubuhi alikuwa makini. Shikeni mfano huo, maana nitautumia mpaka mwisho.

Tuanze mwanzo. Novemba 1961, pale chuo cha MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla ya hapo kompyuta kubwa ilikuwa inafanya kazi ya mtu mmoja, ikimaliza inachukua ya mwingine, kama mashine ya kusaga mahindi. CTSS iliruhusu watu wengi kuitumia kwa pamoja, kila mmoja na mafaili yake. Mara tu mtu alipokuwa na mafaili yake, akahitaji kujua anayo yapi. Ndiyo maana CTSS ilikuwa na amri iliyoitwa LISTF, ya kuorodhesha mafaili ya mtumiaji.

Mfumo wa Unix, ulioanzia maabara za Bell mwaka 1969 kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ukawa na amri fupi zaidi: ls. Ipo kwenye kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha Novemba 1971, na hadi leo ukifungua Linux ukaandika ls utapata orodha yako. Hapa kuna jambo la kuelewa, maana ndiyo siri ya yote yanayofuata. Kwenye Unix folda yenyewe ni faili. Ndani yake kuna majina tu na namba. Katika toleo la 7 la mwaka 1979, kila mstari wa folda ulikuwa na baiti 16: baiti 14 za jina, baiti 2 za namba. Ukubwa wa faili haumo humo. Tarehe haimo. Hivyo vimeandikwa mahali pengine kwenye diski, na ile namba ndiyo inayokuelekeza.

Maana yake nini? Ukitaka majina tu, unasoma folda mara moja, basi. Ukitaka majina na ukubwa na tarehe, inabidi kwa kila jina uende kuuliza tena. Folda yenye mafaili 400 ina maswali 400 ya ziada. Ni tofauti ya kuhesabu vichwa ukiwa mlangoni, na kumsogelea kila mwanafunzi kumuuliza umri wake na amefika saa ngapi.

Haya, mwaka huo huo wa 1971 kompyuta za vyuo vya Marekani zilikuwa zimeshaanza kuunganishwa. Aprili 1971 Abhay Bhushan wa MIT akaandika pendekezo la kwanza la FTP, yaani utaratibu wa kusafirisha mafaili kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. FTP ikakua, na waraka wake mkuu wa Oktoba 1985 una amri mbili za kuomba orodha. Moja ni LIST, ambayo inakupa orodha yenye maelezo kwa ajili ya macho ya binadamu. Nyingine ni NLST, inayotoa majina matupu kwa ajili ya programu. Waraka wenyewe unakiri kwamba maelezo ya LIST yanatofautiana mno kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kiasi kwamba programu itapata shida kuyasoma. Ilibidi mtandao usubiri mpaka 2007 ndipo likatoka rasmi agizo la MLSD, lenye mpangilio ambao programu yoyote inaweza kuuelewa. Miaka 22, jamani! Wakati wote huo waandishi wa programu walikuwa wanakisia tu kipi ni ukubwa na ipi ni tarehe.

Tatizo kubwa la FTP lilikuwa jingine. Ilibidi ujue kwanza seva gani ina faili unalolitaka. Kama hujui, unaingia seva moja, unaomba orodha, hakuna, unatoka, unaingia nyingine. Ni kama kutafuta desa kwa kugonga mlango mmoja mmoja hosteli nzima saa 6 usiku.

Hapo ndipo anaingia mtu ninayempenda kuliko wote kwenye stori hii, Alan Emtage. Alizaliwa Barbados, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Alikuwa mwanafunzi huku akisaidia kutunza mitambo ya idara, na sehemu ya kazi ilikuwa kuwatafutia watu programu kwenye seva za FTP. Kugonga milango kukamchosha. Akaandika programu ndogo zilizotembelea seva zile, zikaomba orodha na kuzihifadhi kwenye kompyuta yake. Mtu akiuliza faili fulani liko wapi, jibu linatafutwa kwenye orodha zilizokwishahifadhiwa, bila kusumbua seva yoyote. Mwaka 1990 yeye pamoja na Bill Heelan na Peter Deutsch wakaifungulia dunia huduma hiyo, wakaiita Archie. Wengi wanaihesabu kuwa injini ya kwanza ya utafutaji ya intaneti, kabla hata ya tovuti za kawaida kuenea.

Oneni alichokifanya. Aliacha kuhesabu vichwa kila anapoulizwa, akafungua daftari. Na alikubali gharama yake: kila seva ilitembelewa karibu mara moja kwa mwezi ili isilemewe. Kwa hiyo Archie iliweza kukutajia faili lililokwishafutwa, au isikutajie lililowekwa jana. Kila daftari lina tatizo hilo. Swali ni la muda gani wa kuchelewa unavumilika. Kwa mtafuta programu wa 1990, mwezi si kitu. Kwa mtu mwenye tesiti kesho saa 2 asubuhi, mwezi ni msiba.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kikaleta Gopher, kazi ya timu iliyoongozwa na Mark McCahill. Gopher nzima ilikuwa orodha. Ukifungua unaona menyu, ukichagua kitu unapata faili au menyu nyingine. Kila mstari wa menyu uliosafiri kwenye waya ulikuwa na vitu vichache tu: herufi moja ya aina (0 ni faili, 1 ni folda), maneno ya kuonyesha, anuani ya kitu chenyewe, jina la seva na namba ya mlango wake. Mwisho wa orodha unawekwa nukta peke yake kwenye mstari. Hakuna picha, hakuna rangi. Kwa mitandao ya polepole ya wakati ule ilikuwa nyepesi kama unyoya.

Mtunza seva ya Gopher hakuwa na haja ya kuandika menyu kwa mkono. Aliweka mafaili kwenye folda, seva ikaisoma folda na kutengeneza menyu yenyewe. Na wale jamaa waligundua mapema kwamba kuisoma folda upya kwa kila mgeni ni kupoteza nguvu, kwa hiyo seva yao iliweza kuitunza orodha iliyokwishatengenezwa kwa muda mfupi na kumpa mgeni anayefuata nakala ile ile. Yaani unahesabu vichwa mara moja, halafu kwa dakika chache zinazofuata unasoma ulichokiandika kiganjani. Hiyo ni njia ya katikati, na ndiyo inayotumika zaidi hadi leo.

Mbona basi hatutumii Gopher? Sababu moja kubwa ni hela. Mwanzoni mwa 1993 Minnesota walitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva yao watalipa ada. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo CERN, kule Uswisi alikokuwa Tim Berners-Lee, wakatangaza kwamba teknolojia ya Wavuti ni ya wote na ya bure. Watu wakahama.

Mwaka huo wa 1993, Chuo Kikuu cha Illinois, Rob McCool akaandika seva ya Wavuti iliyoitwa NCSA HTTPd. Alikuwa bado anasoma digrii ya kwanza, kama sisi! Seva yake ilikuwa na tabia ambayo bila shaka mmeshakutana nayo. Ukiomba folda yenye faili la index.html, unapewa hilo faili. Kama halipo, na mwenye seva ameruhusu, seva inaisoma folda na kukutengenezea ukurasa papo hapo: kichwa kinachoanza na "Index of", kisha safu za jina, tarehe na ukubwa, na juu kabisa kiungo cha kurudi folda ya nyuma. Ule ukurasa mkavu mnaokutana nao mnapotafuta vitabu usiku ndio huo. McCool alipoondoka mwaka 1994, watu waliokuwa wanaitumia seva yake wakaanza kubadilishana viraka vya kuirekebisha. Viraka hivyo ndivyo vilivyozaa Apache, iliyotoka kwa umma Aprili 1995 na kufikia Aprili 1996 ikawa seva inayotumika kuliko zote kwenye Wavuti. Orodha ya papo hapo ikaenda nayo.

Apache ina mpangilio mmoja ninaoutaja kwa sababu ni funzo. Unaweza kuiambia kwamba katika kuandika orodha, ifungue kila faili la HTML na kusoma kichwa chake, ili mgeni aone maelezo mazuri kando ya jina la faili. Inapendeza. Lakini mwongozo wa Apache wenyewe unaonya kwamba jambo hilo linaitesa prosesa na diski. Ni kama mwalimu wa zamu, badala ya kuhesabu vichwa, anafungua daftari la kila mwanafunzi kusoma jina lililoandikwa ndani. Mpaka amalize, kengele ya mchana imelia.

Ukurasa mkavu haukuwatosha watu. Walitaka orodha ndani ya tovuti yao, yenye sura yao. Mwaka 1993 NCSA walileta CGI, utaratibu wa seva kuendesha programu na kumpa mgeni majibu yake. Sasa ungeweza kuandika programu ya kusoma folda na kupanga orodha utakavyo. Ubaya wa CGI ni kwamba kwa kila mgeni seva inaanzisha programu upya, inafanya kazi, inakufa. Wageni 100, programu 100. Juni 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, akatoa zana zake ndogo zilizokuja kuwa PHP. Baadaye PHP iliweza kukaa ndani ya Apache yenyewe, gharama ya kuanzisha programu kila mara ikaondoka, na tovuti za bei nafuu zikajaa PHP.

Na mimi, baada ya aibu ya wiki ya 9, nikakimbilia huko huko. PHP ina amri za opendir na readdir: unafungua folda, unasoma jina moja moja mpaka yaishe. Mistari kama kumi tu. Nikaweka, nikapakia faili la majaribio, likatokea lenyewe kwenye ukurasa. Nilifurahi kama mtu aliyepata boom mara mbili. Nikawaambia darasa, "Sasa hakuna desa litakalopotea."

Niliyojifunza baadaye, jifunzeni bure kwangu. Kwanza, readdir inatoa majina kwa mpangilio wa diski, na huo mara nyingi haueleweki. Inabidi uyapange mwenyewe. Amri ya scandir iliyokuja na PHP 5 mwaka 2004 inayapanga kwa alfabeti, lakini kwa alfabeti wiki10 inatangulia wiki2, kwa sababu herufi 1 iko kabla ya 2. Dawa yake ni natsort, inayopanga kama binadamu anavyohesabu. Pili, kuna mtego wa zamani: ukiandika kitanzi cha readdir kizembe, siku mtu akipakia faili linaloitwa 0, PHP inalichukua jina hilo kama "hapana" na kusimama hapo hapo. Mafaili yote yanayofuata yanapotea kwenye orodha. Yaani unarudi kule kule kwa wiki ya 9, safari hii kosa ni la mashine unayoiamini. Lazima ulinganishe kwa alama tatu, !== false, ndipo inaelewa.

Tatu ndiyo iliyonimaliza. Orodha yangu ilionyesha ukubwa na tarehe. Kwenye folda mafaili yalishafika kama 400, pamoja na maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma. Jioni moja kabla ya UE darasa zima likaingia, na mnajua tabia zetu, mtu anabofya kuonyesha upya kila dakika kana kwamba jibu litatokea lenyewe. Pigeni hesabu: ukurasa ukifunguliwa mara 300, ni maswali 120,000 kwa diski, kwa ajili ya orodha ambayo haijabadilika hata herufi moja tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga nafasi ya bei ya chini kabisa, tunayochangia na tovuti nyingine kibao. Saa 3 usiku ukurasa ukagoma. CR akanipigia: "Bosi wa madesa, mbona hakufunguki?" Nikakosa la kusema.

Ndipo nikarudi kwenye historia nikasoma kwa makini zaidi, maana niliona yaliyonipata yaliwapata wakubwa zamani. Waandishi wa Linux walishakutana na folda zinazozidiwa. Mwaka 2001 Daniel Phillips alieleza njia ya kuweka faharasa ndani ya folda za ext2, ili kulitafuta jina moja kusihitaji kusoma majina yote. Nikadhani hiyo ndiyo dawa. Sivyo. Inasaidia unapotaka faili moja unalolijua jina. Ukitaka orodha nzima, bado lazima upite kwa wote. Hakuna ujanja wa kuhesabu vichwa bila kuviangalia.

Waliopona ni wale waliokataa kuhesabu bila sababu. Tazameni Debian, wale wa Linux. Hifadhi yao ina maelfu na maelfu ya mafaili, na kompyuta duniani kote zinauliza kila siku. Programu yao ya apt, iliyoanza 1998, haiendi kusoma folda hata moja. Inapakua faili lililokwishaandaliwa linaloitwa Packages, lenye jina, ukubwa na alama za uhakiki za kila kitu. Faili hilo linaandikwa mara moja hifadhi inapobadilika, na linasomwa mara zisizohesabika. Daftari la mahudhurio hasa!

Wavuti nayo ilishajiwekea njia ya kuuliza "kuna jipya?" badala ya "nipe yote". Waraka wa HTTP wa Mei 1996 una utaratibu ambao kivinjari kinasema nina nakala ya tarehe fulani, na seva, kama hakuna kilichobadilika, inajibu kwa namba 304 bila kutuma ukurasa. Januari 1997 ikaongezwa ETag, alama ya kutambulisha toleo. Jambo hili huku kwetu lilikuwa na uzito wake. Kabla ya mkonge wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya Tanzania na Kenya ilitegemea sana setilaiti, ya polepole na ya ghali. Orodha ya mafaili 400, kila mstari baiti 150, ni baiti 60,000. Kwa modemu ya kilobiti 56 hizo ni zaidi ya sekunde 8 hata kama laini ni safi, na pale kafe mnagawana laini moja watu kumi. Jibu la 304 lilikuwa linaokoa hela ya mtu. Hadi leo, kwa anayenunua bando la siku, bado linaokoa.

Agosti 2005 Linux toleo la 2.6.13 likaja na inotify: programu inajiandikisha, na kiini cha mfumo kinaiambia pale faili linapoingia au kutoka kwenye folda. Huna haja ya kuchungulia darasani kila dakika, maana mwanafunzi akiingia mlango unapiga hodi. Na Machi 2006 Amazon walipofungua hifadhi yao ya S3, waliweka sharti: ukiomba orodha, unapewa vitu visivyozidi 1000 kwa mara moja, ukitaka zaidi unaomba kipande kinachofuata. Sharti hilo lipo hadi leo. Waliona tangu mwanzo kwamba orodha isiyo na mwisho ni ahadi ambayo hakuna seva inayoweza kuitimiza kwa kila mtu.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe kuna kosa la tatu, na hili nalisema kwa aibu. Programu inayosoma folda haina aibu wala hiari: inataja kila kilichomo. Muhula huo nilikuwa nimehifadhi kwenye folda ile ile, kwa muda tu, jedwali la alama za kozweki nililoombwa kulisaidia kulipanga. Majina na namba za usajili za watu. Lilikaa pale kwa saa kadhaa, likiwa na kiungo chake, mpaka dada mmoja wa darasani akanitumia ujumbe: "Nimeona alama zangu na za wenzangu kwenye ukurasa wako. Ni sawa kweli?" Haikuwa sawa. Nililiondoa, nikawaomba radhi wote darasani.

Hili nalo lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walishagundua kwamba ukiandika maneno ya "Index of" kwenye injini ya utafutaji unapata folda ambazo wenyewe hawakujua kuwa ziko wazi. Wengine waliandika programu za kuorodhesha zinazopokea jina la folda kutoka kwa mgeni, bila kulikagua. Mgeni mjanja anaandika nukta mbili na mkwaju mara kadhaa, anapanda juu mpaka kwenye mafaili ya mfumo. Ndiyo maana watunza seva wengi huzima orodha za papo hapo za Apache kwa mstari mmoja: Options -Indexes.

Sasa ukurasa wa madesa unafanyaje kazi? Faili linapopakiwa, programu ile ile inayolipokea ndiyo inayoandika jina, ukubwa na tarehe kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite. Hakuna kupokea bila kuandika, kwa hiyo kosa la wiki ya 9 halina pa kupitia. Ukurasa unasoma daftari hilo tu, mistari 50 kwa mara moja, mapya juu, na kama hakuna kipya unajibu 304. Faili ambalo halikupita mlangoni haliorodheshwi hata likiwa ndani ya folda. Na usiku, saa 9 watu wakiwa wamelala, programu nyingine inahesabu vichwa: inasoma folda nzima, inalinganisha na daftari, ikikuta tofauti inaniandikia barua pepe. Mpaka sasa imeniandikia mara mbili, na mara zote mbili mkosaji nilikuwa mimi.

Kwa hiyo jibu la swali la mkuu wa shule ni yote mawili, ila kila moja kwa saa yake. Daftari kwa kila anayeuliza, vichwa mara moja kwa siku ili daftari lisije likadanganya. Archie ilifanya hivyo mwaka 1990 kwa mwezi mmoja mmoja. Mimi nafanya kwa usiku mmoja mmoja.

Yule rafiki yangu alifaulu kozi ile, kwa msuli wa UE. Juzi nikamuonyesha mfumo mpya, nikamweleza mambo ya daftari na vichwa, Barbados na Montreal. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua ukurasa, akashuka chini taratibu mpaka wiki ya 9, akaliona lipo. "Haya," akasema. Nikaona ananiamini tena kidogo.

Nakimbia lekcha, tutaonana wikiendi. Mwenye desa la saikolojia ya elimu la wiki hii alete, mlango uko wazi na daftari liko mezani.